Kipande cha Chini: Historia ya Marehemu Mzee Avit Kyaruzi, Karani wa Mizani

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wa ukoo, majirani wa Ngenge, wageni mliotoka Bukoba Mjini na kwingineko, na ninyi wote mliokaa juu ya majani haya tangu juzi, ukoo umempa kazi ya kusoma historia hii binti wa kwanza wa marehemu, Mwalimu Kokushubila wa Kibeta, ambaye ameiandika mwenyewe kwa mkono, naye anaomba asikilizwe mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo marehemu hakuwahi kuambiwa, na lisiposemwa leo halitasemwa tena.

Marehemu Mzee Avit Kyaruzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Ngenge, Wilaya ya Muleba, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Damian Kyaruzi na Mama Agnetha, ambao makaburi yao yapo kule chini, katikati ya migomba ile myembamba iliyowafanya baadhi yenu mtazamane mlipokuwa mnaingia. Alibatizwa siku ya Pasaka mwaka huohuo, akiwa na umri wa siku kumi na moja.

Alianza shule ya misheni mwaka 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966, akiongoza katika hesabu, lakini nyumbani kulikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu, akaenda kaka yake, na yeye hakulalamika, au kama alilalamika basi alilalamikia migomba.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika ghala la kahawa la chama cha msingi, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili, na hapa ukweli usemwe, hakupendwa sana, maana wapo makarani waliojua kufumba jicho na yeye hakujua, kilo kwake zilikuwa kilo, uwe shemeji yake, uwe katekista, na wapo wazee hapa waliomnunia mpaka juzi kwa sababu ya gunia moja la mwaka 1983 ambalo walitaka lisomeke zaidi kuliko lilivyokuwa. Ghala lilipofungwa mwaka 1994 wenzake walimpa mizani moja kuukuu ya kuning'iniza kama zawadi ya kuagana, wakimtania kwamba hakuna mwingine ambaye angeweza kuishi nayo nyumba moja, akaja nayo nyumbani, akaitundika kwenye mti wa jikoni, na ndiyo ile mnayoiona.

Alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 25 Agosti 1979 na Anatolia, harusi ambayo ilikuwa ifanyike Desemba ya mwaka uliotangulia ikaahirishwa kwa sababu ya vita, na Mungu aliwajalia watoto watano, Kokushubila, Alexander, Evelyne, Annastella, na mmoja aliyetangulia akiwa mchanga. Siku Anatolia alipoingia kama bibi harusi, mama mkwe alimkabidhi kipande cha chini cha kibanja, shamba hili la migomba lililozunguka nyumba, kile cha makaburi, kilichokuwa na udongo mweusi kuliko wote, na wanaojua kibanja wanajua kwamba mgomba haulishwi na mvua peke yake, unalishwa na nyumba, maganda, majivu, samadi, na majani yanayokatwa rweya, kule kwenye nyasi, yakabebwa kichwani mpaka nyumbani. Anatolia alikilisha kipande hicho kwa miaka thelathini na moja, na mikungu yake ilibebwa na watu wawili.

Jumatatu tarehe 7 Februari 2011 walifika hapa watafiti wa chuo kikuu cha serikali, wakiongozwa na Dokta Rugaibula, wakiwa wametumwa kwa fedha za serikali kuchunguza kwa nini ndizi za mkoa wetu zinazidi kudumaa na ni mbolea gani itakayozirudisha, wakachagua kaya kumi na sita, kutoka Ngenge hadi Buhembe, na kila kibanja kikagawanywa vipande vitatu, cha kwanza kipate samadi na majani ya kutandaza, cha pili kipate hivyo pamoja na mbolea ya dukani, na cha tatu kisipate kitu chochote, kipaliliwe tu, ili hivyo viwili viwe na cha kulinganishwa nacho. Ili mtu asijichagulie, walikunja karatasi tatu ndani ya kofia, mwenye kibanja akaambiwa avute mwenyewe, na kwa mkono wake mwenyewe marehemu alivuta karatasi ya kukinyima chakula kipande cha chini, kipande cha wazazi wake na cha mkewe. Dokta Rugaibula, kwa kuona uso wa Anatolia, alimwambia kwamba anaweza kukataa, na marehemu akajibu kwamba mizani haichagui gunia.

Tangu siku hiyo kila mkungu ulipimwa na kuandikwa daftarini, tarehe, kipande, shina, kilo, na kwa mwaka mzima Anatolia hakusema na mumewe ila kwa lazima. Mwezi Septemba 2012 mashina mawili ya chini yalianza kunawiri bila sababu, marehemu akachunguza, na kwenye daftari la pili, ambalo binti analo hapa mkononi, ameandika kwa mwandiko wake wa ghalani kwamba mke wangu ameweka maganda ya maharage kwenye mashina mawili, nimeyatoa, mashina hayo yasihesabiwe mwaka huu. Tucheke tu, hata yeye Anatolia alikuja kucheka baadaye, lakini si mwaka huo.

Yaliyotoka katika utafiti ule hamhitaji kusomewa, maana mnayaishi. Mwaka wa nne watafiti walisimika ubao pale ofisi ya kata, wakaonyesha kwa tarakimu kwamba kibanja kilichopata samadi na majani kwa kipimo chao kinazaa mara tatu ya kisichopata, wakaeleza kipimo chenyewe, debe ngapi kwa shina na majani unene gani, bwana shamba akakisambaza, na kufikia mwaka 2017 malori ya Mwanza yalikuwa yanapakia ndizi pale njia panda mara mbili kwa wiki, mahali ambapo zamani tulikuwa tunauza mihogo. Nyumba za bati na tofali mnazozitazama kuanzia hapa mpaka kanisani zimejengwa na ndizi, halmashauri inakusanya ushuru wake hapo kila wiki, watoto wamesoma, na wasomi wanaotutembelea wanasema kwamba huo ndio uchumi unaoletwa na utafiti, nao hawakukosea. Ila wanasahau kusema kwamba ili mtu ajue kuwa kitu ni mara tatu, lazima pawepo mtu aliyebaki na moja, na huyo moja alikuwa Mzee Avit, ambaye mlipita kwenye uzio wake mkienda kupakia malori, mkikiita kipande chake shamba la mvivu.

Watafiti waliacha kuja mwezi Juni 2015. Hakuna aliyeaga, hakuna barua iliyoandikwa, simu ya Dokta Rugaibula ikawa haipatikani, na marehemu, ambaye ghalani alifundishwa kwamba karani haachi mizani mpaka msimamizi aje kufunga hesabu, aliendelea kupima.

Tarehe 19 Novemba 2017 Anatolia alifariki kwa shinikizo la damu, na ukoo ulitaka azikwe kule chini kwa wakwe zake, mahali alipopalilia kwa miaka yote ile, lakini marehemu alikataa, akasema kaburi litatoa udongo wa ndani na kuuchanganya na wa juu, watu watakanyaga, majani ya msiba yatadondoka, na utafiti haujafungwa, akaagiza azikwe huku juu kwenye mibuni, peke yake. Mnakumbuka yaliyosemwa siku hiyo. Mdogo wake marehemu, Ta Kagaruki, aliondoka kabla ya matanga kuisha, na binti huyu anayesoma alimwambia baba yake maneno ambayo hatayarudia mbele ya Padre.

Basi sasa ndilo hilo jambo lenyewe. Mwezi Agosti 2019, wakati wa likizo, Kokushubila alipanda basi mpaka chuoni, bila kumwambia mtu, kuuliza utafiti wa baba yake utafungwa lini, akazungushwa ofisi tatu, na katika ofisi ya nne akaambiwa kwa upole kwamba mradi ule ulikwisha Juni 2015 fedha zilipokatika, ripoti ilishaandikwa, Dokta Rugaibula alishastaafu, na hakuna anayetarajia chochote kutoka Ngenge. Alikaa kwenye benchi la nje akapiga hesabu, na hesabu ikatoka kwamba mama yake alitengwa kwenye mibuni kwa ajili ya kitu kilichokuwa kimekufa miaka miwili kabla yake.

Alirudi nyumbani siku ya tatu, akamkuta baba yake amekaa chini ya mizani, akamwambia kwamba chuoni wanakusalimia sana, wanasema uendelee. Huo ulikuwa uongo. Hakuona namna ya kumwambia mzee wa miaka sitini na minane kwamba mkewe angeweza kulala anapostahili, akaona afadhali aendelee kupima kuliko ajue, na marehemu, ambaye katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kumdanganya mtu hata robo kilo, alimwamini palepale, na kesho yake akatembea kwenda dukani kununua daftari jipya. Binti ameubeba uongo huo kwa miaka sita, na kila alipokuja likizo akaona mikungu ile ya kilo nne, kilo tano, inapimwa kwa uangalifu kama dhahabu, moyo ulimuuma, na leo anaomba radhi, kwake yeye na kwa mama.

Marehemu alianza kuugua Machi 2024, akapimwa Bukoba, akapewa rufaa Mwanza, ikagundulika ni saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa, akarudishwa nyumbani Januari mwaka huu, na alipima mkungu wa mwisho tarehe 2 Aprili akiwa ameshikiliwa kiunoni na jirani yake Ta Riyadhi. Tarehe 22 Mei alifika hapa mtafiti mpya wa chuo kilekile, Dokta Zabibu, ambaye yuko pamoja nasi, akisema ameikuta ripoti ya zamani na anazunguka kuuliza kama kuna kaya hata moja kati ya zile kumi na sita ambayo bado ina kile kipande cha tatu, maana anataka kujua udongo wetu unachoka kwa kasi gani na utatulisha mpaka lini, na hilo haliwezi kujulikana kwa miaka minne. Kaya kumi na tano zilikuwa zimeshaweka samadi, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angefanya, na alipoonyeshwa madaftari tisa ya Mzee Avit, miaka kumi na minne bila kuruka msimu, alikaa chini kwenye ngazi akayasoma mpaka adhuhuri, kisha akaingia chumbani akamwambia mgonjwa kwamba nchi nzima hakuna kitu kama hiki.

Hatutawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, marehemu hakufumbua macho, wala hakumshika mtu mkono, na hatujui kama alisikia. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, hapa nyumbani, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Juzi kwenye kikao cha ukoo, Kokushubila aliyasema haya yote, na Ta Kagaruki, kwa uchungu ambao ni haki yake, akasema kwamba kama utafiti ulishakufa basi kaka yake azikwe kwa baba yake leo hii na mifupa ya shemeji ihamishwe. Dokta Zabibu alipoulizwa naye hakutudanganya, alisema ombi la fedha limepelekwa serikalini, jibu halijaja, na hawezi kuahidi kwamba litakuja. Kwa hiyo hatuna barua, hatuna mradi, tuna madaftari tisa na kipande cha udongo uliochoka. Ukoo ulibishana mpaka Ta Kagaruki mwenyewe akaomba kuonyeshwa lile daftari la maganda ya maharage, akalisoma, akainuka, akachukua jembe, akaenda kuchimba huku juu. Kaburi la marehemu liko kwenye mibuni, kulia kwa Anatolia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba na Mwanza, Baba Paroko na jumuiya ndogo ndogo, Ta Riyadhi na familia yake waliomgeuza kitandani kama ndugu, walimu wenzake Kokushubila kutoka Kibeta, makarani wenzake wa zamani, ambao wamebaki wawili, Dokta Zabibu, na akina mama mliokata majani haya rweya mkayabeba mpaka hapa. Mtakapoinuka, majani hayo yatandazwe vipande vya juu, yasidondoke chini hata unyasi mmoja, na mnaotaka kuwasalimu wazee makaburini mtasimama kwenye njia.

Kule chini kuna mkungu mmoja ambao marehemu aliufunga kamba nyekundu alipokuwa bado anatembea, umekomaa, na kesho Jumamosi binti yake ataukata na kuupima kwenye mizani ileile, kisha ataandika kwenye daftari la kumi, tarehe, kipande, shina, kilo. Pumzika kwa amani, Ta Avit, kando ya mkeo, na kilo za kesho zitaandikwa kama zilivyo.