Anatafuna Nini?

Mshonaji alikuwa ameapa kutojiingiza katika mambo ya watu, lakini baba wa kiti cha mbele alikuwa na sauti ya mnadani.

"Katoka kung'olewa jino, na hata chozi hakutoa," alimwambia mama mmoja aliyekaa upande wa pili wa basi. "Ganzi yao si mchezo. Hata umfinye shavu, hasikii."

Mama akamchungulia binti mdogo aliyegeukia dirisha. "Sasa mbona umeshampa kitu cha kutafuna? Si mnaambiwa msubiri ganzi iishe?"

"Nimpe nini, dada? Daktari kasema asile, na hajala! Mimi maagizo nafuata, siyo kama wengine."

"Usinifanye kipofu. Shavu hilo linacheza."

"Labda anamumunya pamba."

"Pamba si umeitupa dirishani, nikiona kwa macho yangu?"

Mshonaji akabana kicheko. Wakaidi wawili wamekutana, na safari bado ndefu.

"Haya, mwanangu," baba akasema, keshajiona mshindi, "geuka umwoneshe shangazi kwamba huli kitu."

Mtoto akageuka. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba na kuchanika, damu imelowanisha kola yote, na meno ya juu yalikuwa bado yanautafuna, taratibu, bila haraka wala maumivu.

"Sili kitu, baba," akasema, akaendelea kutafuna.

Basi likasimama kituoni. Mlango ukafunguka, na hakuna aliyeshuka.