Karatasi ya Hénock

Benchi la kahawa la mama Ndaya, mbele ya nyumba za zamani za kampuni ya migodi kule Dilala, lina tabia moja: ukileta tatizo lako hapo, unaondoka nalo likiwa limekua. Hénock alilijua hilo, tena si mtu wa makelele. Lakini asubuhi ile alikuja na karatasi mfukoni. Daktari wa Lubumbashi alikuwa amemwambia kwamba huenda ana autisme, yaani usonji, tangu kuzaliwa, na maisha yake ya miaka thelathini na minne yakapata jina. Ila daktari hatii sahihi mpaka karatasi ijazwe na mtu aliyemwona akiwa mtoto mdogo. Bila sahihi, Jumatatu depo ya madini anakofanya kazi inamrudisha kwenye mashine ya kusaga mawe, ambayo kelele yake iliwahi kumwangusha chini akiziba masikio na kulia mbele ya wenzake. Mama yake alishakufa. Shangazi anayeishi Kisenge hapokei simu. Amebaki jirani wa zamani, tata Ntumba, mzee wa kanisa ambaye benchi linamwita Diacre, yaani shemasi, na ambaye asubuhi ile alikuwa ameketi mwisho wa benchi.

Kabla hajamfikia, Dimitri, aitwaye Docteur kwa sababu anauza vidonge, alimpokonya karatasi akaisoma kwa sauti.

— Autisme ni ya batoto. Wewe iko na ndevu. Ile ni poussière, vumbi ya cobalt, inaingiaka mu masikio.

Mechack, dereva wa pikipiki ya taxi-moto, hakukubali. Kwake dawa ni kelele yenyewe: Hénock akalale wiki nzima kando ya mashine za umeme za bwawa la Nzilo, masikio yatakomaa. Docteur akaona bora Hénock aoe mwanamke mwenye mdomo, matokeo ni yaleyale. Wakacheka. Kuchekwa Hénock alishazoea. Kilichomtia hofu ni kwamba Diacre hakucheka.

Mama mmoja mgeni, Safi, aliyekuwa akingoja pikipiki ya Mechack, akaomba kuiona karatasi.

— Hapa banauliza kitu kimoja tu: mutoto alikuwa namna gani? Kati yenu, nani alimujua?

Diacre alimjua. Alimwona akipanga vifuniko vya chupa mchana kutwa bila kuitika akiitwa. Ndiye aliyemwambia mama yake kwamba mtoto ni ndoki, mchawi, kisha yeye mwenyewe akamfungia mtoto kwenye chumba cha maombi cha kanisa siku nne bila chakula. Hénock alikuwa na miaka sita, na anakumbuka yote.

— Hii karatasi haiko juu ya ile siku ine za ku kanisa, tata, Hénock akasema taratibu. Andika tu yenye uliona mbele ya pale, zamani.

Diacre akachukua kalamu. Akaandika muda mfupi sana, akatoa muhuri wa kanisa kwenye koti, akagonga. Safi akasoma:

— «Alikuwa mutoto kama batoto bengine.»

Kwa jibu hilo daktari hatii sahihi, na Jumatatu ni mashine. Hénock aliuangalia ule wino usiofutika, akaikunja karatasi. Maneno hayo aliyahitaji miaka ishirini na minane iliyopita, mlangoni pa kile chumba, na mtu huyuhuyu ndiye aliyekataa kuyasema.