Nani Alitupa Gugu Mferejini

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la nje ya kinyozi, hoja ilikuwa moja tu: gugumaji. Lilikuwa limefunika mfereji wote wa mtaa, maua ya zambarau juu, maji yakifurika hadi milangoni kwa watu. Msumeno, fundi seremala, alijibana pembeni, na alikuwa na sababu. Gugu lile alilileta yeye mwenyewe, zawadi kwa mkewe, ndani ya beseni. Likazaa, likazaa, hadi pa kukanyaga ukumbini pakakosekana. Basi akalimwaga mferejini kisirisiri, akamwambia mkewe ua limeibwa. Mke akamshuku wifi yake, dada wa Msumeno, wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Miezi mitano sasa hawasalimiani. Na mke huyo ndiye aliyekuwa akiwamiminia kahawa.

— Hili limemwagwa na ndege, alisema Redio, yule kinyozi asiyepitwa na habari. Muungurumo niliusikia kwa masikio yangu haya.

— Muungurumo wa tumbo lako! alidakia Profesa, fundi baiskeli. Hii ni kazi ya wenye viwanda vya vyandarua. Maji yakituama, mbu wanazaliana. Fikiria, bwana!

— Ndege, alisema Msumeno haraka. Tena kubwa.

— Ndege gani? aliuliza mkewe. Ua langu hilo, nalijua. Aliyeniibia limemshinda, akalitupa. Na beseni akaniachia.

— Ala! alisema Profesa. Mwizi gani anaiba ua anaacha beseni?

— Mwizi mstaarabu, alisema Msumeno, jasho likimtoka.

Hapo akatokea mama mmoja mwenye buti za mpira na daftari.

— Habari zenu. Natoka ofisi ya kilimo.

— Kilimo? alicheka Redio. Nyinyi si mlisema hili ni la watu wa maji? Na wa maji wakasema la mazingira?

— Hayo tumeyaacha. Sasa sote ni kikosi kimoja, na wenzetu wa nchi jirani, unakoelekea mto unaopokea maji ya mfereji huu, wanasubiri jibu langu leo. Nauliza jambo moja tu: la kwanza liliingia lini, na wapi? Nikiijua siku, nitajua limefika wapi, ili tuliwahi.

Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari.

— Muulize wifi yangu, nyumba ile pale, alisema mke wa Msumeno. Andika kabisa jina lake.

Kalamu ikainama kwenye daftari. Msumeno akamwonea dada yake huruma, akainuka.

— Usiandike. Ni mimi. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu, pale kwenye kidaraja. Beseni zima.

— Asante sana, baba, alisema yule mama akiandika. Ofisi zote zitapata taarifa leo hii.

— Na nchi jirani? aliuliza Redio.

— Na nchi jirani.

Wacha nchi jirani. Msumeno alikuwa akimtazama mkewe, ambaye alitua birika, akafuta mikono, akavuka barabara.

— Hodi, wifi, walimsikia akisema. Nimekuja kukuomba radhi. Mwizi ni kaka yako.

Mlango ulikawia kufunguka. Kisha dada yake Msumeno akatoka, akamkumbatia wifi yake, akatupa macho benchini.

— Yuko wapi?

Redio na Profesa walisogea, huyu huku na huyu kule, ili aonekane vizuri.