Njoo Jioni, Mshonaji wa Viatu vya Ngozi na Katani

Ndugu waombolezaji, mkimwona mdogo wa marehemu anawasomea historia hii akiwa na kiatu mguu mmoja na soksi mguu wa pili, msidhani ni majonzi yamempanda kichwani, ni kwamba asubuhi hii, jeneza likitolewa chumba cha maiti, soli ya kiatu chake cha kulia ilibanduka ikaning'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu, mbele ya shemeji yake na wakwe wote, na kiatu chenyewe alikinunua ughaibuni kwa mbwembwe, kwa kuwa boksi lake lilikuwa na picha ya kaka yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake akiwa mtengenezaji wa ngozi aliyezilainisha kwa maji ya magome ya miti, kazi yenye harufu kiasi kwamba wanawe darasani walipewa dawati lao peke yao. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akaongoza kwa hesabu na kwa viboko, na Februari 1976 akaajiriwa kiwanda cha viatu, idara ya gundi, alikobandika soli kwa miaka kumi na minane katika chumba chenye dirisha moja, nalo halikufunguka.

Tarehe 9 Julai 1983 alifunga ndoa na mkewe, wakati huo mhudumu wa wodi, wakajaliwa mabinti wawili. Ni miguu ya mkewe, iliyorudi nyumbani imevimba kila siku, iliyomfundisha kazi, kwani mwaka 1994, kifua kilipoikataa gundi, aliacha kiwanda, akafungua karakana barazani, akashona viatu vya ngozi laini kama ya baba yake, soli ya katani iliyosokotwa, mto wa sufi chini ya kisigino, uzi wa nta, na gundi hata tone hakuna. Mteja aliyekuja kupimwa asubuhi alirudishwa, "Mguu wa asubuhi ni mwongo, mama, nenda kazini, njoo jioni," na hilo likawa ndilo jina lake. Wauguzi na walimu walisimama kutwa ndani ya kazi yake, na askari mmoja wa barabarani alikiri kwamba sasa anawaonea madereva bila kuumwa kisigino.

Mwaka 2016 meneja wa kiwanda kilekile alikuja barazani, akanywa chai, akamwita baba, akaazima kalibu zake, yaani vile vibao vya umbo la mguu alivyovichonga mwenyewe, eti ni kwa maonyesho ya wiki moja. Hazikurudi. Yaliyokuja ni maboksi madukani, yenye picha ya marehemu na majani ya kijani, ndani yake plastiki iliyopakwa rangi ya ngozi, na watu wakamfuata barazani na malengelenge yao, wakamtukana, naye akawashonea soli nyingine, kisha ndani akamwambia mkewe, "Mama watoto, wamenifanya niumize watu."

Kifua kilizidi Novemba 2022, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, daktari akasema ni ile gundi ya zamani, na hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aliuliza kama kalibu zimeletwa.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliomhudumia wakiwa ndani ya viatu vyake, majirani waliovumilia nyundo yake, na wenzake wa idara ya gundi, hao wachache waliobaki. Kaka, umewasimamisha watu vizuri maisha yako yote, sasa wewe lala, na ardhi isikubane popote.

Limebaki moja. Meneja, ambaye yuko nasi hapa na shada pana kuliko jeneza, aliomba isomwe kwamba kiwanda kinaiendeleza kazi ya marehemu, na msomaji wenu, kwa kuwa ni mwoga wa ugomvi misibani, akaenda kumwuliza shemeji yake, mjane wa marehemu, kama auongeze mstari huo, naye, bila hata kuinua kichwa, akamjibu, "Kamwambie hatajwi. Na hilo shada alirudishe garini."