Makamba ni Kwa Nani?

Makamba ni kartye kadogo, mtaa wa watu wa mashua, kamebanwa kati ya bandari na mlima wa Bukavu, na kijiwe chake kiko pale penye birika ya Maman Adolphine, muuza kahawa. Asubuhi ile kahawa ilikuwa chungu kuliko siku zote. Jana watu wa Zone, ofisi ya serikali, walipita na rangi nyekundu, wakachora musalaba kwa kila mlango: kartye ibomolewe, watu warudi kwao. Kesho Komiseri mwenyewe, mkuu wa Zone, anafika, na amesema atasikiliza tu mtu atakayeonyesha kwamba Makamba ni kwao. Basi Papa Gaston, anayeitwa Nanga kwa vile amefunga mashua hapa tangu ujana, aliwaomba wenzake kitu kimoja: historia moja, midomo yote. Loo! Angewaomba mbuzi waimbe misa.

— Baba yangu njo wa kwanza hapa, akasema Isidore, yule wanamwita Profesa. Alifikaka na Bazungu, akibeba mizigo.

— Mizigo! akacheka Grégoire, yule wanamwita Radio kwa vile mdomo wake haulali. Babu yangu alikuwaka hapa mbele ya Bazungu. Njo alibaonyesha ziwa.

— Kwani Bazungu habakuwa na macho?

— Kulikuwaka ukungu!

— Basi, Isidore akadakia, babu yangu alikuta ziwa ingali kamuto kadogo!

— Jamani, Nanga akalia, nyumba yangu iko na musalaba. Mukisema hivi kesho, nitalala wapi?

— Usiogope, papa, akasema Grégoire. Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Sisi tulishapita ya tatu!

— Jembe ya nini? Isidore akauliza. Hapa kuko shamba?

Mama mmoja, Noëlla, alikuwa ametoka tu kwa mashua ya kisiwa cha Idjwi. Alitua kikapu, akaomba kahawa, akauliza bila ubaya wowote:

— Samahani, bapapa. Bazee benu balizikwa wapi? Kwetu, mutu akiuliza udongo ni ya nani, tunamuonyesha makaburi.

Kila mmoja akataja wa kwake. Baba ya Isidore amezikwa Kabare. Wazee wa Grégoire walipelekwa Mwenga, juu ya kamyo ya mizigo. Ndiyo desturi ya Makamba: mtu akikufa, watu wanachanga, anarudishwa kwao.

Nanga akamkumbuka mke wake, Euphrasie, na roho ikamuuma. Mwaka jana, akiwa mgonjwa, aliomba azikwe nyuma ya nyumba, chini ya mti wa avoka, parachichi, alioupanda yeye mwenyewe. Nanga alikataa. Alipokufa, alifunga sanduku la maiti yake ndani ya mashua ya Idjwi, kwao, kwa kamba yake ya kazi, akamwambia: "Hapa si kwetu, mama."

— Hata mumoja hakuzikwa hapa? Noëlla akauliza.

Adolphine aliinamisha birika. Kahawa ilikuwa imeisha.

— Hata mumoja, mama, Nanga akajibu.