Kengele ya Lifti Ilisikika

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Jengo la Pamba Mpya hapa Bariadi,

Jumamosi ya tarehe 14 Juni, saa tatu na nusu asubuhi, mwenzetu Nyanjige Mboje aliingia kwenye lifti na ndoo mbili na fagio lake. Umeme ukakatika. Lifti ikasimama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Alitolewa saa saba mchana, akiwa amefariki. Alikuwa na pumu. Sisi tulikuwa tumemwekea ugali wake, tukidhani anamalizia ghorofa ya tano.

Karibu sana, mzee wetu. Tunajua umekuja kukata utepe ili lifti ianze kazi tena. Tunakuomba utusikilize kwanza.

HISTORIA

Sisi ni wasafishaji kumi na mmoja. Jengo lilipofunguliwa, wengi wetu hatukuwa tumewahi kupanda lifti, na wageni wetu vilevile. Watu kutoka Ngulyati na vijiji vya jirani, waliokuja mjini siku za mnada, waliona kitufe chenye picha ya kengele, wakakibonyeza kupiga hodi. Huku kwetu mtu aliyelelewa vizuri haingii kwa watu kimyakimya. Maandishi ya pembeni yalikuwa Kiingereza kitupu. Mwezi wa kwanza walinzi walikuwa wakipanda ngazi mbio, wanamkuta bibi anawasalimu, "Mwangaluka!" Wanashuka wakihema.

Uongozi wa jengo haukuweka neno hata moja la Kiswahili kando ya kitufe. Uliandika kwenye daftari la walinzi: "Siku za mnada, kengele ya lifti ipuuzwe."

Tarehe 14 ilikuwa siku ya mnada.

Kengele ile hutumia betri, kwa hiyo ililia. Mlinzi Marcelo ametuomba tusome maneno yake mbele yako bila kuyapunguza: "Niliisikia. Nikamwambia mwenzangu, 'Wazee wa Ngulyati hao, wanapiga hodi.' Akajibu, 'Waambie karibuni, chai ipo.' Tukacheka. Ikalia tena, tukacheka tena."

Nyanjige alikuwa mtu wa Ngulyati.

Simu ya ndani ya lifti nayo aliipiga. Inaita kwa fundi wa Mwanza ambaye mkataba wake uliisha mwezi Machi.

MAFANIKIO

Tunalo moja. Baada ya msiba, katika wiki mbili za majaribio ya lifti, tulichana boksi, tukaandika kwa Kiswahili na Kisukuma: "Hii si hodi. Bonyeza ukikwama tu." Tukalibandika. Kengele haikulia bure hata mara moja. Jana mchana boksi liling'olewa ili lifti ipendeze kwa ajili yako.

CHANGAMOTO

Barua ya uongozi kwa familia inasema marehemu "hakuwa na uelewa wa matumizi ya lifti." Mgeni rasmi, hilo tunalikataa. Katika watu wote waliowahi kubonyeza kengele ile, ni yeye peke yake aliyeibonyeza kwa kazi iliyowekewa. Asiyeelewa lifti ni yule aliyeandika "ipuuzwe." Naye yupo hapa, amekaa meza kuu, na hakuja msibani.

Amri ile haijafutwa. Tumelifungua daftari asubuhi hii.

MAOMBI

Tunaomba amri hiyo ifutwe leo, mbele yako, kwa mkono wa aliyeiandika. Maandishi tunayoyaelewa yarudi. Simu ipokelewe na mtu aliyepo hapa Bariadi, aliyefundishwa kumtoa mtu aliyekwama.

Na kabla ya kukata utepe, tunakuomba uingie mwenyewe, mlango ufungwe, ubonyeze kengele. Sisi tutasimama hapa chini kimya, tuone nani anakuja na baada ya dakika ngapi. Hatusemi haya kwa dharau. Hatuna namna nyingine ya kukuonyesha.

Mungu akulinde unapopanda na unaposhuka, na ampumzishe mwenzetu, ambaye hakupumzika alipokuwa nasi.

Siku ya Jumatatu ijayo, Minza, binti wa kwanza wa Nyanjige, anaanza kazi aliyoiacha mama yake. Amepangiwa ghorofa ya nne na ya tano.

Imesomwa na Scola Bujiku, kwa niaba ya
Wasafishaji wa Jengo la Pamba Mpya, Bariadi