Yonaha Seikichi, Bwana Afya wa Makaro Yasiyojaa

Marehemu Yonaha Seikichi alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 hapa Shirabari, mtoto wa tatu wa mzee Yonaha Zenko na bibi Kame, katika nyumba ileile mlimotoka kumfukizia ubani. Ulikuwa wakati wa njaa, viazi vitamu asubuhi, mchana na jioni. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia; alimtazama kila mtu akatabasamu. Tabia hiyo haikumtoka, na ndiyo iliyotuponza.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari ya kilimo mjini, akahitimu Machi 1966. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba Seikichi ni mwema, hawezi kumkatalia mtu. Baba yake aliibandika ripoti hiyo ukutani.

Alilima miwa miaka saba, akaajiriwa na halmashauri mwaka 1973, na mwaka 1984 akapelekwa Naha, mji mkuu wa mkoa, kusomea ukaguzi wa makaro ya maji taka majumbani. Alirudi bwana afya. Kisiwa chetu hakina mto; tunakunywa maji yaliyo chini ya miguu yetu, na chini ya miguu yetu ni jiwe la matumbawe lenye nyufa kila mahali. Karo zima hujaa, likaja gari kunyonya kila mwaka. Karo lililopasuka chini halijai kamwe, kwa sababu kila kitu kinateremka visimani. Alifundishwa hivyo, na mtihani akafaulu. Lakini Shirabari karo lisilojaa ni sifa, watu wanatambiana kwenye supu ya mbuzi.

"Letu mwaka wa kumi na mbili halijaona gari!" alijigamba jirani yake, mzee Karimata.

"Kumi na mbili tu, mwenzangu? La kwetu mfuniko umeota nyasi," alijibu bibi Ikema.

"Hongereni, hongereni," alisema marehemu, akaongezewa supu.

Hakufunua mfuniko wa mtu. Aliugonga mara tatu kwa kisigino, akasema, "Zima kabisa hili," akaandika "safi", akakaribishwa chai na maandazi. Miaka ishirini na minne. Kwenye karatasi za ibada mlizoshika, mdogo wake ameandika kwamba marehemu alipendwa na wote. Ni kweli tupu. Mngempenda mtu gani mwingine?

Alimwoa Tomori Sumie tarehe 12 Oktoba 1975, wakajaliwa binti, Kikue, anayewasomea maneno haya, na mwana, Zenji, anayeishi Naha. Hakuwahi kumpandishia mkewe sauti. Mwaka 2001 Kikue alirudi kujifungulia nyumbani, mtoto akaitwa Chinatsu. Maziwa ya mama hayakutosha, akapewa ya kopo, na babu mtu ndiye aliyeyakoroga. Maji ya bomba aliyakataa, yananuka dawa. Alichota ya kisima chake, akayachemsha mara mbili. Mtoto akaanza kugeuka buluu midomoni, kisha kwenye kucha. Alifariki tarehe 19 Agosti, akiwa na wiki saba. Daktari alieleza kwamba uchafu wa choo huacha majini chumvi inayozuia damu ya kichanga kubeba hewa, na kwamba kuyachemsha huizidisha. Marehemu aliinama akamshukuru. Mwezi uliofuata alikwenda kwa mzee Karimata, akagonga mara tatu, akaandika "safi". Kuandika vinginevyo kungekuwa kukiri kwamba alimuua mjukuu wake. Alistaafu Machi 2008, na kijiji kikamchinjia mbuzi wawili.

Saratani ya ini iligunduliwa Februari 2019. Kikue alimuuguza miezi mitano hospitalini mjini. Siku moja alikuwa akimmenyea chungwa.

"Kikue, mwanangu. Karo la kwetu sijawahi kulifunua."

"Nililifunua mimi, baba, siku ya arobaini na tisa ya matanga ya Chinatsu. Halina sakafu."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye bwana afya."

Alikula chungwa lote. "Utawaambia watu?"

"Nitawaambia."

"Ningoje nife."

"Nitakungoja."

Kisha akazitaja nyumba ambazo makaro yake hayajawahi kunyonywa, moja baada ya nyingine, Kikue akiandika. Zilifika kumi na tisa, akatia sahihi. Binti yake alimpenda siku hiyo kuliko siku nyingine zote. Kumsamehe, hakumsamehe. Na yeye Kikue, aliyenyamaza miaka kumi na minane ili baba asiaibike, naye asisamehewe.

Alifariki Jumamosi, tarehe 27 Julai, saa nne asubuhi. Leo, kabla ya ibada, mjane alimshika binti yake mkono.

"Kikue, mwanangu, leo si siku ya kuyasema haya. Watu wamekuja kulia."

"Siku yake ni ipi, mama?"

Mama aliuachia mkono. Ameketi pale mbele, amejiinamia.

Marehemu ameacha mjane, binti, mwana na wajukuu wawili. Orodha yake imefika halmashauri. Jumatatu wakaguzi wa mjini watafunua mifuniko yote kumi na tisa, wakianzia nyumbani kwake. Apumzike kwa amani. Alichobakiza tutakimaliza sisi.

Mzee Karimata, usiondoke kwanza. Kitukuu wako ana wiki tatu, na nimeambiwa anakunywa maziwa ya kopo. Kuna maji ya chupa mlangoni, karibu na viatu. Chukua yote.